Mto Thames: kuhamisha majitaka si kuyasafisha

Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames uliwafikia wabunge wa Uingereza ndani ya jengo lao. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji ya chini ya ardhi, iliyopeleka majitaka mashariki mwa London. Uvundo ulihama, uchafu ukabaki mtoni. Mwaka 1957 sehemu ya mto ipitayo jijini ilitangazwa kuwa imekufa.

Kiini chake ni bakteria. Wanapoula uchafu hutumia oksijeni iliyomo majini, nao samaki hukosa pumzi. Mtambo wa kusafisha majitaka huwapa bakteria hao kazi hiyohiyo ndani ya matangi yanayopulizwa hewa, kabla maji hayajafika mtoni. Mitambo ya Beckton na Crossness ilipoboreshwa, samaki walirejea. Mwaka 1974 akapatikana hata samoni.

Hata hivyo, mvua ziliendelea kufurisha mifereji ile ya kale, na majitaka yakamwagika mtoni bila kusafishwa. Handaki la kilomita 25, lililounganishwa kikamilifu mwaka 2025, sasa huyapokea mengi ya maji hayo na kuyapeleka mtamboni.

Mto hufufuka, bali hauvumilii kusahauliwa.