Tezi Ikivimba, Ipimwe

Msikilizaji wa Kabazi, Subukia na Solai, ukiota uvimbe pajani au begani, wa kwanza kulaumiwa ni teke la ng'ombe au gunia la viazi. Tunakanda, tunapaka mafuta, miezi inapita.

Uvimbe mwingi wa aina hiyo hauna madhara. Lakini ukizidi sentimita 5, ukiwa ndani kabisa ya nyama, au ukizidi kukua, huenda ni sarkoma, yaani saratani ya tishu laini kama misuli, mafuta na mishipa. Sarkoma nyingi husafiri kwa damu hadi mapafuni. Kwa watu wazima, ni wagonjwa wasiofika 5 katika kila 100 ambao saratani hii huingia kwenye tezi za limfu, ndiyo maana tezi husahaulika. Hata hivyo, zipo aina zinazozipenda tezi: rabdomiosarkoma, inayowapata zaidi watoto, na sarkoma ya Kaposi, iliyoongezeka sana Afrika Mashariki tangu Ukimwi ulipoingia. Kwa mtoto, Kaposi inaweza kuvimbisha tezi bila doa lolote kwenye ngozi.

Hapo ndipo tunapokosea. Tezi zikivimba, tunawaza kifua kikuu, na kweli TB ya tezi ipo kwetu kwa wingi. Lakini mgonjwa akimeza dawa za TB miezi 6 kwa kubahatisha, na kumbe ni saratani, ugonjwa umepewa nusu mwaka wa kuenea.

Kipimo kitangulie kisu. Sindano huchota chembe za tezi, na uvimbe hutolewa kipande kikachunguzwa maabara. Donge likikatwa kiholela, mabaki hubaki na upasuaji wa pili huwa mgumu. Tezi ikithibitishwa ina sarkoma, mara nyingi huondolewa kwa upasuaji, na mionzi au kemotherapi huongezwa. Kaposi ya mwenye virusi vya Ukimwi hutibiwa kwa ARV, pamoja na kemotherapi ikiwa imeenea. Na saratani iliyoishia kwenye tezi ina matumaini zaidi kuliko iliyofika mapafuni.

Hospitali ya rufaa ya Nakuru ina kituo cha saratani. Tezi ikikaa wiki 4 bila kupungua, nenda zahanati, na usione haya kumuuliza daktari: "Hii imepimwa?" Kama haijapimwa, omba rufaa.