Kabla ya Kulipia Mtoto Kambi ya Uhandisi Ng'ambo

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili, kaunti za Migori na Homa Bay



Chukueni mfano wa mama mkulima wa miwa pale Awendo. Binti yake yuko Gredi ya 10, amechagua mkondo wa sayansi na teknolojia, na hesabu anaipenda kweli. Siku moja binti anarudi nyumbani na karatasi: kambi ya uhandisi ya wiki mbili, Marekani, mwezi wa Julai, katika chuo kikuu chenye jina kubwa. Ada ni dola 5,000, na sehemu yake ilipwe kabla ya Ijumaa ili nafasi isipotee. Dola moja ikiwa karibu shilingi 130, hiyo ni shilingi 650,000, na tiketi ya ndege haijaguswa. Mama anatazama miwa ambayo haijakatwa, anatazama ng'ombe wake wawili, kisha anaanza kuandika majina ya watu wa kualika kwenye harambee.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini mizani aliyoishika wazazi wengi wanaijua. Mtoto amefurahi, majirani wameshasikia, na kusema hapana kunaonekana kama kumfungia mtoto mlango. Hotuba hii haiwaambii wazazi wakatae. Inawapa maswali manne ya kuuliza kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.

Swali la kwanza: nani hasa anaendesha kambi hiyo?

Vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya husimamisha masomo ya kawaida kati ya Juni na Agosti, ambayo kwao ni majira ya joto. Mabweni na madarasa hubaki wazi, na kampuni za kibinafsi huyakodisha. Kwa hivyo kambi inaweza kufanyika ndani ya chuo maarufu, picha zikapigwa mbele ya lango lake, na chuo chenyewe kisihusike kufundisha wala kuchagua wanafunzi. Si lazima kambi kama hiyo iwe mbaya. Lakini cheti chake si cha chuo hicho, na hakimfungulii mtoto mlango wa kusoma hapo baadaye. Anayemwahidi mzazi kwamba kulipia kambi ni kununua nafasi ya chuo kikuu anauza kitu asichokuwa nacho.

Kuthibitisha si kazi kubwa. Usifungue kiungo ulichotumiwa kwa WhatsApp. Fungua tovuti ya chuo chenyewe. Anwani za vyuo vikuu vya Marekani kwa kawaida huishia kwa .edu, na za Uingereza kwa .ac.uk. Tafuta jina la kambi humo. Likikosekana, andika barua pepe kwa chuo na uulize. Mzazi asiyezoea mambo ya tovuti amwombe mwalimu wa kompyuta, na waketi pamoja kuisoma.

Humo humo soma masharti ya wanaokubaliwa. Chuo cha MIT kina mpango uitwao MITES Summer, wa wiki sita, ambao wanafunzi hawalipi ada. Ni mpango unaosifiwa sana. Lakini ni wa raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo. Wakala akija Ndhiwa au Kehancha kuuza nafasi ya mpango huo, hakuna haja ya kubishana naye. Masharti yameandikwa wazi.

Swali la pili: je, kambi inamchagua mtoto, au inauchagua mfuko wa mzazi?

Tazama wanachoomba kwanza. Mpango unaomchagua mtoto huuliza alama zake, barua ya mwalimu, insha aliyoandika mwenyewe, na kitu alichowahi kuunda au kuchunguza. Huchukua muda kujibu, na huweza kumkataa. Mpango unaouchagua mfuko hujibu siku hiyo hiyo kwa pongezi na nambari ya akaunti.

Kutoza ada peke yake si dalili ya ulaghai. Yale Young Global Scholars, mpango wa wiki mbili wa Chuo Kikuu cha Yale wenye kitengo cha sayansi na teknolojia, hutoza maelfu ya dola. Lakini pia hutoa msaada wa ada kulingana na uwezo wa familia, na msaada huo huombwa pamoja na nafasi. Kwa hiyo bei iliyoandikwa si lazima iwe bei utakayolipa. Mzazi anayeita harambee kabla ya kuuliza habari za msaada anaweza kuwachangisha majirani pesa ambazo hazikuhitajika.

Kaunti hizi mbili zina historia ya kuwafundisha utaratibu huu. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Kisiwa cha Rusinga, alisaidia kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja ya kukodi, na safari hizo zikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichokosekana kwa wengi wa vijana wale kilikuwa nauli. Barua za kukubaliwa vyuoni walikuwa nazo tayari, na wengi walikuwa wamepata ufadhili wa masomo. Ndege ilifuata barua. Barua haikufuata ndege.

Ulipo utaratibu kinyume, maumivu hufuata. Wazazi waliolipia mpango wa masomo ya Finland na Kanada kupitia Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret mwaka 2023, watoto wengi wakiwa hawajasafiri na pesa hazijarudi. Suala hilo lilifika hadi Seneti. Wale walikuwa wakitafutia watoto wao nafasi za vyuo na si kambi za likizo, lakini funzo ni lile lile: hata mpango wenye muhuri wa serikali ya kaunti unastahili kuulizwa maswali. Muulize afisa, muulize mwakilishi wa wadi, muulize yeyote anayeshika kipaza sauti: pesa zinaingia akaunti ya nani, na zitarudije mtoto asiposafiri? Jibu liwe kwa maandishi.

Swali la tatu: kalenda na karatasi zinakubali?

Majira ya joto ya ng'ambo hayalingani na likizo za Kenya. Kambi nyingi ni za Juni na Julai, wakati watoto wako katikati ya muhula wa pili. Likizo ya Agosti ni ya wiki chache tu. Kambi ya wiki sita inayoanza mwishoni mwa Juni inamtoa mtoto darasani kwa zaidi ya mwezi. Kwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne, ambaye KCSE inamsubiri mwisho wa mwaka, hiyo ni hasara kubwa. Zungumza na mwalimu mkuu kabla ya kutuma maombi, usingoje mpaka tiketi inunuliwe. Wanaofikiria kambi watafute zile za Agosti, au zinazofanyika kwa njia ya intaneti.

Kisha pasipoti. Maombi huanzia eCitizen, na mtoto aliye chini ya miaka 18 huhitaji cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Wengi hugundua wakati huu kwamba jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na jina la shuleni, na kusahihisha huchukua muda. Angalieni majina hayo sasa, hata kama mtoto hasafiri mwaka huu.

Kisha viza. Ada ya kuomba viza ya kutembelea Marekani ni dola 185, na hairudishwi hata ukinyimwa. Na kunyimwa kupo. Mwaka 2017 timu ya wasichana wa Afghanistan iliyoalikwa kwenye mashindano ya roboti ya FIRST Global mjini Washington ilinyimwa viza mara mbili, na iliruhusiwa kuingia baada ya ikulu ya Marekani kuingilia kati. Mtoto wa Suba hana ikulu ya kumwingilia kati. Kwa hiyo uliza: viza ikikataliwa, ada ya kambi inarudi yote, nusu, au hairudi? Uliza pia nani atampokea mtoto uwanja wa ndege, atalala wapi, nani anashika dhamana yake, na bima ya matibabu inalipwa na nani. Mtoto anayesafiri bila wazazi abebe barua ya ridhaa yao iliyothibitishwa na wakili.

Swali la nne: mtoto atafanya nini kwa mikono yake, na atarudi na nini?

Ratiba ya kambi nzuri husomeka kama ratiba ya karakana: siku hii wanapima, siku hii wanachora, siku hii wanaunda, siku hii wanajaribu na kuvunja, siku ya mwisho wanaeleza kwa nini chombo kilishindwa au kilifaulu. Ratiba iliyojaa ziara za maduka na bustani za michezo ni matembezi. Matembezi si dhambi, lakini yasilipiwe kwa jina la uhandisi.

Na mtoto anayenufaika zaidi ni yule anayekwenda na swali lake. Maswali yako hapa. Kwa miaka mingi Rusinga iliunganishwa na Mbita kwa tuta lililozuia maji ya ziwa kupita kwenye mlango ule. Daraja lililofunguliwa mwaka 2017 liliruhusu maji kupita tena chini ya magari. Mwanafunzi wa Mbita anayeweza kueleza kwa nini tuta lilifaa barabara lakini halikufaa ziwa ameshaanza uhandisi, na hajapanda ndege. Vivyo hivyo kwa mtoto wa Nyatike anayejiuliza kwa nini Mto Kuja hufurika bondeni, au wa Karungu anayetafuta namna ya kukausha omena msimu wa mvua.

Swali kama hilo limewahi kuwapeleka watoto wa Kenya mbali, bila wazazi kuuza ng'ombe. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, waliunda programu ya simu iitwayo i-Cut ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Ni jambo ambalo familia za Kuria zinalijua kwa karibu. Kupitia shindano la Technovation, ambalo wasichana hushiriki bila kulipa ada, kazi hiyo iliwafikisha California. Mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa walioingia fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

Mwaka huo huo wa 2019 wanafunzi wa Keriko, shule ya kutwa ya kijijini kaunti ya Nakuru alikofundisha Mwalimu Peter Tabichi, walikwenda Arizona kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi. Walikuwa wameunda kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Shule yao ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua.

Katika habari hizi mbili, kazi ilitangulia, safari ikafuata.

Kwa hiyo mama wa Awendo afanye nini na karatasi ile? Asiichane, na asilipe Ijumaa. Nafasi inayopotea kwa sababu mzazi ameomba wiki mbili za kuuliza haikuwa nafasi ya kutegemewa. Akae na binti na mwalimu wa fizikia, wapitie maswali manne. Kambi ikiyapita yote, na msaada wa ada ukipatikana, binti aende, na harambee iitwe kwa moyo mweupe.

Isipoyapita, mlango haujafungwa. Kenya Science and Engineering Fair huanzia kaunti ndogo, hupanda hadi kaunti, eneo na taifa, na shule yoyote ya upili inaweza kuingia. Young Scientists Kenya, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Ireland, imekuwa ikiandaa maonyesho ya kitaifa tangu 2018. Technovation iko wazi kwa wasichana hadi miaka 18. Likizo ya Agosti inaweza kutumika katika chuo cha ufundi kilicho karibu, mtoto akajifunza kuchomelea vyuma au kufunga umeme wa jua kabla ya kuandika insha yoyote ya kuomba nafasi ng'ambo.

Walimu, ombi kwenu ni moja. Mwanafunzi akileta karatasi ya kambi, msiipige muhuri wa shule kabla ya kuisoma. Muhuri wenu ndio mzazi anaouamini.

Wanafunzi, ombi kwenu pia ni moja. Msiwaambie wazazi kwamba wenzenu wote wanakwenda. Waonyesheni mlichounda. Mzazi aliyeona pampu ya maji iliyotengenezwa na mtoto wake kwa vyuma chakavu hatahitaji kubembelezwa, na wala wachaguzi wa ng'ambo hawatahitaji.