Ada ya Benki: Bei au Adhabu?

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali nchini Kenya)



Kila mtu wa mshahara anaifahamu tarehe 20 ya mwezi. Fedha zimekwisha, karo inadaiwa, na benki yakubali kulipa hundi yake ingawa akaunti ni tupu. Hiyo ndiyo ovadrafti, mkopo unaozaliwa pale mtu anapotoa zaidi ya alichoweka. Taabu huja baadaye. Deni la shilingi 8,000 limekuwa 13,000, ada zina majina ambayo hakuna aliyemweleza, na barua ya benki yasema kwamba asipolipa, jina lake litapelekwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo. Wengi huitia barua hiyo kabatini. Wengine hukimbilia kukopa kwingine ili walipe yote, hata ile sehemu wasiyoikubali.

Yafaa tuwatazame kwanza Waingereza, kwa sababu waliwahi kulipigania jambo hili taifa zima. Kuanzia mwaka 2006 maelfu ya wateja walizishtaki benki zao katika mahakama ndogo. Mtu aliyepita kiasi kwa pauni chache alitozwa pauni 30 au zaidi, naye akadai kwamba hiyo haikuwa bei ya huduma bali ni adhabu. Benki nyingi zililipa kimya kimya kabla ya kesi kusikizwa. Mwaka 2007 mashauri hayo yalisimamishwa ili kesi moja ya mfano iamuliwe kwa niaba ya wote. Wateja walishinda Mahakama Kuu mwaka 2008, wakashinda rufani mwanzoni mwa 2009, na tarehe 25 Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikawapa benki ushindi. Majaji walisema kwamba ada zile ni sehemu ya bei ya huduma yote ya akaunti, na sheria iliyotegemewa haikuruhusu bei kupimwa kama ni ya haki au la. Ikadhihirika pia kwamba akaunti za wenye fedha zilikuwa za bure kwa kuwa wenye kupungukiwa ndio waliozilipia. Neno “bure” katika benki halikosi mwenye kulilipia.

Ilipita miaka zaidi ya 10 kabla ya msimamizi wa mambo ya fedha wa huko kuzipiga marufuku ada hizo za mkupuo, Aprili 2020, na kuagiza kwamba ovadrafti itozwe riba ya mwaka peke yake. Benki kadhaa zikapandisha riba hiyo hadi karibu asilimia 40. Kwa hiyo yeyote anayengoja hukumu moja kubwa imfutie deni lake angoje akijua hayo.

Huku kwetu sheria ilishika njia nyingine. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mabenki hakikuuliza kama ada ni ya haki. Kiliuliza kama benki ilipata kibali cha Waziri kabla ya kuiongeza. Benki zilishikilia kwamba riba haimo katika ada hizo. Mwaka 2024, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa hoja hiyo. Kisha kuna kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007, ambacho nadhani kila mwalimu angepaswa kukijua kama anavyoijua tarehe ya mshahara. Mkopo ukishaharibika, riba haiwezi kupita deni lililokuwapo siku ulipoharibika. Aliyekuwa na deni la shilingi 50,000 siku hiyo hatadaiwa riba ya zaidi ya 50,000 nyingine, ingawa gharama za kumfuatilia zaweza kuongezwa.

Hapo ndipo kosa la kabatini linapoonekana. Kubishania ada hakusimamishi hesabu ya siku. Ovadrafti iliyopita mpaka wake kwa siku 90 huhesabiwa kuwa mkopo mbovu, na benki haitamtenga mwenye hoja na mwenye uzembe ikiwa wote wawili wamenyamaza. Basi deni na ligawanywe sehemu mbili. Ile 8,000 anayoikubali ailipe, au aombe kwa maandishi kuilipa kwa awamu. Ile 5,000 aibishie kwa barua, akitaja tarehe na kiasi cha kila ada kama zilivyo katika taarifa ya akaunti, na aulize imetoka kifungu gani cha mkataba na kwa kibali gani. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa na nakala ibaki kwake. Benki isipojibu, au jibu lisipotosha, nakala hiyo ndiyo atakayoipeleka Benki Kuu. Na kabla ya hayo yote aombe ripoti yake kutoka kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, ambayo kila mteja ana haki ya kuipata bila malipo mara moja kwa mwaka, aone kama jina limekwisha kupelekwa au bado anatishwa tu.