Mji Uonekanao Runingani na Mji Tunaoishi

(Matini ya hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Umma ya Polisi mbele ya wakazi wa kigeni, Kampala)



Swali mlilotutumia kabla ya mkutano huu ni moja, nalo ni la haki: jamaa zenu walioko ng'ambo huwapigia simu wakilia kwa sababu wameona Kampala ikifuka moshi runingani, ilhali ninyi mko sokoni mkinunua matoke. Je, nani asemaye kweli?

Jibu letu ni kwamba pande zote mbili huweza kusema kweli. Tukumbuke mwezi wa Aprili 2011. Kampeni ya kutembea kwa miguu kwenda kazini ilianza tarehe 11, wananchi wakilalamikia bei ya mafuta na chakula. Tarehe 28, Dkt. Kizza Besigye alikamatwa. Kioo cha gari lake kikavunjwa na dawa ya pilipili ikapuliziwa ndani. Picha hizo zilienea duniani kote. Kesho yake ghasia zikazuka katika sehemu nyingi za mji, na watu wakapoteza maisha. Hatukuja hapa kudai kwamba picha zile zilitungwa. Zilikuwa za kweli, na walioishika dawa ile walikuwa maafisa wa usalama.

Hata hivyo, katika siku nyingi za mwezi ule maduka ya Ntinda na Bugolobi yalifunguliwa na watoto wakaenda shule. Kamera hufuata tukio, na hilo ndilo jukumu lake. Mtazamaji aliye mbali huona makutano ya barabara moja yakirudiwa tangu asubuhi hadi usiku, akadhani mji wote umeteketea tangu asubuhi hadi usiku. Kwa hiyo jamaa akipiga simu, msimwambie kwamba runinga inadanganya. Mwambieni tukio limetokea wapi, saa ngapi, na ninyi mko umbali gani nalo.

Mabibi na mabwana, hapa tungeweza kumaliza, nanyi mkarudi nyumbani mmetulia. Lakini utulivu wa namna hiyo haungewafaa, kwani yapo mambo mawili ambayo usemi wa kwamba “mji ni shwari” huyaficha.

La kwanza ni kwamba ghasia haziulizi uraia wa mpita njia. Tarehe 18 na 19 Novemba 2020, baada ya kukamatwa kwa mgombea urais Robert Kyagulanyi wilayani Luuka, watu wasiopungua 54 walifariki kwa mujibu wa Serikali yenyewe. Rais alikiri hadharani kwamba miongoni mwao walikuwamo waliopigwa na risasi zisizowalenga. Mgeni anayekaa hoteli ya Kololo aliweza kungoja ndani siku mbili. Mkimbizi kutoka Kongo anayeuza vitenge kwa kutembeza, au Msomali mwenye kibanda Kisenyi, hakuwa na akiba ya kungojea. Huyo alipita katikati ya mji kwa sababu watoto wake walihitaji kula. Tunaposema “wageni”, aghalabu watu humfikiria mtalii. Wageni walio wengi katika mji huu ni hawa.

La pili ni kwamba zimekuwapo siku ambapo mgeni alilengwa kwa sababu ya sura yake. Tarehe 12 Aprili 2007, maandamano ya kupinga kutolewa kwa sehemu ya msitu wa Mabira ili ilimwe miwa yaligeuka fujo dhidi ya watu wenye asili ya Asia, kwa kuwa kampuni iliyotajwa ilikuwa ya familia ya Kihindi. Mhindi mmoja, ambaye hakuwa na lolote la kuhusiana na msitu ule, alipigwa mawe hadi kufa. Wenziwe waliokolewa na polisi, lakini yeye hatukumuwahi. Kwa familia zilizoukumbuka mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, siku ile ilizindua hofu ambayo hakuna takwimu ingeweza kuituliza.

Kutokana na hayo, tunawaomba mambo machache. Mjue njia mbili za kurudi nyumbani, moja isiyopita katikati ya mji. Muulizeni dereva wa teksi au wa boda boda kabla ya kuondoka. Habari zake mara nyingi hutangulia za redio. Mkiona umati, geukeni, wala msisimame kupiga picha. Mjitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wenu wakati wa amani, ili siku ya shida awatambue. Andikeni nambari muhimu kwenye karatasi na kuweka fedha taslimu kidogo, kwa maana Januari 2021 intaneti ilizimwa siku kadhaa, na wengi wakajikuta hawawezi kumpata mtu. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Sisi nasi tunadaiwa. Mama mmoja mkimbizi alitueleza kwamba, siku ya ghasia, alijificha chini ya meza ya cherehani tangu adhuhuri hadi giza likaingia, na kituo cha polisi kikiwa mwendo wa dakika tano. Hakukikimbilia kwa sababu kadi yake ilikuwa imepitwa na muda, naye aliwahi kukaripiwa kwenye kaunta kwa sababu hiyo. Aliogopa moshi, lakini alituogopa sisi zaidi. Hakuna kamera iliyomwonyesha mama huyu, na habari yake inatuuma kuliko picha nyingi zilizotangazwa.

Kwa hiyo tunasema mbele yenu: anayekuja akikimbia kuokoa maisha yake aingizwe ndani kwanza, karatasi zitazungumzwa baadaye. Asiyetendewa hivyo na atuletee malalamiko, nasi tutapokea.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi, iwapo mgeni anaogopa kubisha hodi?