Guglielmo Marconi, Fundi wa Radio



Wapendwa Wakristu wa Dilala, nanyi wa vijiji vyote vya Lualaba mliokusanyika pamoja na katekista wenu, leo twawaletea habari za mtu aliyesaidia sauti kama hii iwafikie. Jina lake ni Guglielmo Marconi.

Alizaliwa Bologna, katika nchi ya Italia, mwaka 1874. Mwaka 1895, akiwa bado kijana, alifaulu kupeleka ishara nyuma ya kilima pasipo waya kati ya chombo na chombo. Yasimuliwa kwamba mtu aliyengoja ng'ambo alipiga bunduki hewani, ili kumjulisha kuwa ishara imefika. Tarehe 12 Desemba 1901 alishuhudia kwamba amesikia huko Newfoundland ishara iliyotoka Uingereza na kuvuka bahari ya Atlantiki, mwendo wa kilometa 3,400 hivi. Tena mwaka 1912, meli Titanic ilipozama, watu zaidi ya 700 waliokolewa kwa kuwa mwito wa simu ya upepo ulisikiwa na meli nyingine.

Je, Marconi aliyaumba mawimbi hayo? Hasha. Muumba ni Mungu peke yake. Fikirini shaba nyekundu, tunayoiita mukuba, ambayo nyaya za radio zimetengenezwa kwayo. Babu zetu wa Katanga waliiyeyusha katika tanuru za udongo, wakaifanya kwa umbo la msalaba na kuitumia kama fedha, zamani sana kabla mji wa Kolwezi haujajengwa mwaka 1937. Hawakuiumba, waliikuta ardhini, wakaifanyia kazi. Vivyo hivyo Marconi aliyakuta mawimbi tayari, naye akayatumikisha.

Na imani yake je? Alibatizwa Mkatoliki, lakini alilelewa katika Kanisa la Kianglikana, maana mama yake alikuwa Mprotestanti wa Ireland. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel, na jina lake likavuma duniani kote. Hata hivyo, mwaka 1927, umri wake umepita miaka 50, alipokea kipaimara katika Kanisa Katoliki. Ninyi wazee mnaoona haya kuketi katika mafundisho pamoja na watoto, mtazameni huyu. Elimu yake yote haikumzuia kupokea kama mtoto.

Kisha Baba Mtakatifu Pius XI alimkabidhi kazi ya kujenga radio ya Vatikano. Tarehe 12 Februari 1931 Marconi alisema maneno machache ya utangulizi, ndipo Papa akanena kwa Kilatini, na mataifa ya mbali yakamsikia wakati ule ule. Kabla ya siku hiyo hakuna Papa aliyesikiwa hivyo. Marconi alikufa Roma mwaka 1937. Mwaka huo huo Mapadri Wajezuiti walianzisha Radio Léo katika Kongo.

Lakini hatumhesabu Marconi kati ya watakatifu. Mwaka 1923 aliingia chama cha Mussolini, mtawala aliyewanyima watu wake uhuru na kuishambulia Ethiopia mwaka 1935. Aliyejua kusikia ishara hafifu kutoka ng'ambo ya bahari alikubali kuifuata sauti mbaya iliyokuwa karibu naye. Jambo hilo litutie hofu.

Maana chombo hakichagui maneno. Mwaka 1994, katika Rwanda, radio iliyoitwa Mille Collines iliwachochea watu kuwaua jirani zao. Nyaya zake zilikuwa za shaba kama hizi, na mawimbi yake yalikuwa yale yale aliyoyaumba Mungu. Na wengi wa waliosikiliza walikuwa wamebatizwa. Basi, ndugu, msiseme, "Radio imesema," mkadhani mmekwisha kujitetea mbele ya Mungu. Sauti yoyote ikikuamuru kumchukia mtu kwa sababu ya kabila lake, izime, hata ikitaja jina la Mungu.

Jueni neno moja zaidi. Mtakatifu Paulo afundisha kwamba imani huja kwa kusikia. Kwa hiyo twasema nanyi hapa. Lakini radio haiwezi kumwagia mtoto maji ya ubatizo, wala kuwaondolea dhambi, wala kuwapa Mwili wa Bwana. Mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani na asikilize Misa kwa radio, apate faraja; naye katekista amjulishe padri, ili amletee Ekaristi. Bali mwenye miguu mizima na aende kanisani. Marconi mwenyewe hakupata kipaimara kwa mawimbi. Alipakwa krisma kwenye paji la uso.

Maswali ya kukumbuka:

Swali: Ni nani aliyeumba mawimbi ya radio?
Jibu: Mungu, Muumba wa vitu vyote, vionekanavyo na visivyoonekana.

Swali: Je, yatupasa kuamini kila neno la radio?
Jibu: Hapana. Yatupasa kulipima kwa amri ya Mungu, hasa amri ya mapendo.

Swali: Je, radio yatosha badala ya sakramenti?
Jibu: Hapana. Radio hutuita, katika sakramenti Kristu mwenyewe hutugusa.

Mungu ayafungue masikio yenu na kuyalinda. Amina.