Kupima Kazi Imfaayo Mtu



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya watu wa namna mbili, ambao kwa kuwatazama tu hawaonekani kuwa na uhusiano wowote. Wa kwanza ni yule aliyeumia kazini, naye sasa anadai haki yake mbele ya sheria. Wa pili ni kijana aliyekwisha toka skuli na sasa anatafuta kazi. Watu hawa wawili wana swali moja, nalo ni hili: Ni kazi gani niiwezayo, na kazi hiyo iko wapi? Kulijibu swali hilo kwa kupima na kushauriana, badala ya kubahatisha, ndiko tunakokuita tathmini ya kazi na ushauri wa kazi.

Na tuanze na huyo aliyeumia. Nitatoa mfano wa Wesha, bandari iliyo magharibi ya mji wa Chake Chake. Tuseme yupo hamali mmoja gatini. Huu ni mfano tu, wala simtaji mtu yeyote. Kazi yake ni kupakua magunia chomboni na kuyapandisha garini. Siku moja shehena inaporomoka, inamvunja bega la kulia. Hospitali wanamtibu, mfupa unaunga, lakini mkono haupandi tena juu ya kichwa. Anarudi gatini, anaambiwa kazi yake imekwisha.

Hapo huzuka maneno ya namna mbili. Jamaa zake husema, "Maskini, huyu hana kazi tena duniani." Tajiri wake husema, "Mkono anao, vidole vitano anavyo, amepoteza nini?" Wale wa kwanza wamemzika hali yu hai, na huyu wa pili anataka kumdhulumu. Ukweli uko mahali fulani baina ya maneno hayo, na haujulikani mpaka upimwe.

Tangu zamani watu wa sheria wameihangaikia kazi hii ya kupima. Katika fikihi, diya ya kidole kimoja ni sehemu ya kumi ya diya nzima, na vidole vyote ni sawa. Tena jeraha lisilo na kiwango maalumu hukadiriwa, na makadirio hayo huitwa hukuma. Sheria za kazi za siku hizi nazo hupima kilema kwa asilimia. Zanzibar ilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 1986, ambayo ilirekebishwa mwaka 2005. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2008, ambayo iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Miongoni mwa mafao ya Mfuko huo ni utengamao, maana yake kumsaidia aliyeumia arudi tena katika kazi na katika maisha ya watu.

Kiwango kina faida kubwa. Hukata ugomvi, na mnyonge hupewa sawa na mwenye nguvu. Lakini kiwango hakiwezi kusema yote. Kidole kimoja kilichokatika kwa fundi cherehani ni msiba, na kwa mlinzi wa usiku ni kovu. Daktari ataandika jambo moja kwa wote wawili, kwa kuwa kazi ya daktari ni kuusema mwili. Lazima awepo mtu mwingine wa kuisema kazi.

Huko Marekani jambo hili lilipata kuamuliwa na mahakama ya rufani mwaka 1960, katika shauri lijulikanalo kwa majina ya Kerner na Flemming. Mtu mmoja mgonjwa alikuwa amenyimwa malipo ya ulemavu, kwa hoja kwamba bado angeweza kufanya kazi nyepesi. Mahakama ikaona kwamba hoja hiyo haitoshi. Yapasa yaulizwe mambo mawili: Mtu huyu aweza kufanya nini hasa? Na je, ziko nafasi gani za kazi kwa mtu awezaye hayo tu? Baada ya hapo, katika miaka ya 1960, mashahidi wajuao habari za kazi wakaanza kuitwa katika mabaraza yanayosikiliza madai ya namna hiyo, wakae pamoja na ushahidi wa madaktari.

Basi shahidi huyo, au mshauri wa kazi, hufanyaje kazi yake? Turudi kwa hamali wetu wa Wesha tumfuate hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kumwuliza habari zake. Amesoma mpaka darasa gani? Amefanya kazi zipi tangu ujana wake? Alikuwa akipata kiasi gani? Haitoshi kuandika neno "hamali" na kulifunga daftari. Huenda mtu huyu ndiye aliyekuwa akihesabu magunia kwa niaba ya wenzake. Huenda aliwahi kuwa baharia, au ajua kutengeneza mashine ya boti. Mengi ya hayo hayamo katika cheti chochote, wala yeye mwenyewe hayahesabu kuwa ni elimu.

Hatua ya pili ni kuisoma hati ya daktari na kuigeuza iwe maneno ya kazi. Daktari akisema bega halizunguki, mshauri huuliza: Aweza kubeba kilo ngapi, na mara ngapi kwa saa moja? Aweza kusimama muda gani? Aweza kuandika? Aweza kuvuta kamba?

Hatua ya tatu ni kumjaribu kwa vitendo. Apewe uzito aunyanyue, apewe misumari aichambue, apewe hesabu aifanye, apewe kazi ya nusu siku na atazamwe. Mtu huweza kulifanya jambo mara moja mbele ya daktari, lakini asiweze kulifanya kutwa nzima. Na kutwa nzima ndiyo ilipwayo ujira.

Hatua ya nne ni kuitazama nchi. Hapa ndipo wengi hukosea. Ni rahisi kukaa ofisini na kuandika kwamba aliyeumia bega aweza kufanya kazi ya kukaa kitini. Lakini kazi hiyo ipo Wesha? Ipo Chake Chake? Nauli ya kwenda na kurudi kila siku itakula kiasi gani cha mshahara? Je, wanaotoa kazi hiyo humkubali mtu wa miaka 45 asiye na cheti cha kidato cha nne? Kazi iliyo katika karatasi tu haitii chakula chunguni.

Hatua ya tano ni kufanya hesabu. Tuseme, kwa mfano, hamali wetu alikuwa akipata shilingi 600,000 kwa mwezi. Kazi aiwezayo sasa, tuseme ni kutunza ghala na kuandika mali iingiayo na itokayo, itampa shilingi 400,000. Upungufu ni shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Ikiwa alitazamiwa kufanya kazi miaka 15 mingine, upungufu wote ni shilingi 36,000,000. Mahakama haitoi lazima fedha hizo zote, kwa sababu ina mambo mengine ya kuyatazama, na kila sheria ina mipaka yake. Lakini sasa hakimu ana kitu cha kushika mkononi. Pande zote mbili zaweza kuhoji tarakimu moja moja, badala ya mmoja kulia na mwingine kukana.

Mwaona, basi, kwamba hesabu hiyo imejengwa juu ya ukweli. Mfanyakazi akijifanya hawezi hata kuinua kikombe, siku atakapoonekana akivuta ngarawa pwani dai lake lote litaanguka, hata sehemu iliyokuwa ya haki. Na tajiri akimleta shahidi wa kutaja kazi zisizokuwapo, amemnyima mtu riziki kwa maneno matupu. Mshauri hana ruhusa ya kuwa mtu wa upande wowote, awe amelipwa na nani. Akiulizwa na mwenye dai au akiulizwa na mdaiwa, jibu lake liwe lile lile.

Tena, wenzangu, ushahidi wa namna hii huanza siku ile ile ya ajali. Atakayeumia kazini na amwarifu mwenye kazi mara moja. Na iandikwe tarehe, mahali, na majina ya walioona. Hati za hospitali zisitupwe, wala karatasi za mshahara. Na aende mapema ofisi ya kazi kuuliza, kwa maana madai yana muda wake, na muda ukipita haki nayo huweza kupotea.

Wako pia watu wasio na tajiri wa kudumu. Hapa Pemba twawajua sana, nao ni wachuma karafuu. Mkarafuu ni mrefu na tawi lake huvunjika kwa urahisi, na kila msimu twasikia habari za walioanguka. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limepata kuwapa fidia walioanguka mikarafuuni. Hilo ni jambo jema. Lakini fedha za fidia huliwa zikaisha, na mtu hubaki na miaka mingi ya kuishi. Kwa hiyo baada ya kuuliza, "Atapewa nini?" yatupasa kuuliza pia, "Atafanya nini?"

Swali hilo ndilo linalotufikisha kwa kijana anayetafuta kazi. Yeye hakuvunjika kiungo, wala hana shauri mahakamani. Lakini mara nyingi huichagua kazi gizani. Mwenzake amekwenda Unguja, naye aenda Unguja. Mjomba wake ni karani, naye ataka ukarani. Mwaka 1908, katika mji wa Boston huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Frank Parsons aliongoza ofisi mpya ya kuwashauri vijana juu ya kazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909, baada ya kufa kwake. Mafundisho yake yalikuwa mepesi: kwanza kijana ajijue mwenyewe, pili azijue kazi, mashaka yake na malipo yake, tatu ayalinganishe hayo mawili kwa akili timamu. Mwaka 1949 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ukatoa pendekezo kwa mataifa juu ya uongozi wa vijana na watu wazima katika kuchagua kazi. Tazameni jinsi mambo hayo yalivyo sawasawa na yale tuliyomfanyia hamali wetu.

Wako watakaosema, "Hayo ni ya miji mikubwa. Wesha pana kazi gani ya kuchagua?" Nami najibu kwamba pahali penye kazi chache ndipo panapohitaji mtu achague kwa makini zaidi. Wala kazi hazisimami pahali pamoja. Mwaka 1998 kisiwa cha Misali, ambacho watu wa Wesha huenda kwa boti, kilitangazwa kuwa hifadhi. Tangu hapo mvuvi aijuaye miamba na mikondo amekuwa na elimu nyingine ya kuuza: kuwaongoza wageni, kuendesha boti, kulinda bahari. Mwaka 2010 umeme uliletwa Pemba kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na kabla ya hapo kisiwa kilitegemea mashine za dizeli. Kwa umeme huo barafu ya samaki, uchomeleaji wa vyuma, na utengenezaji wa mafriji vimepata nguvu. Waswahili husema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini agaegae akijua atafutalo.

Ujuzi wa mtu haufungwi katika kazi moja. Mvuvi ajua bahari, hamali ajua mizigo, mchuma karafuu ajua mashamba na majira. Mshauri mwema huutoa ujuzi huo katika kazi ya kwanza na kuutafutia nyumba mpya. Pakipungua kitu, hapo ndipo penye mafunzo. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ya Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na miongoni mwa vituo vyake ni Vitongoji, upande wa mashariki wa Chake Chake. Useremala, uashi, umeme na ushoni ni amali za heshima, na kilema cha mguu hakimzuii mtu kushona, wala kilema cha bega hakimzuii kuweka hesabu.

Nina neno la mwisho kwa wazee na walimu. Kijana akija kwenu kuuliza kazi, msimtajie kazi mliyoitamani nyinyi. Mwulizeni kwanza aweza nini, kisha mtazame pamoja naye kazi zilizopo, na kama kuna la kujifunza, mwonyesheni njia. Na jirani yenu akirudi kutoka hospitali na kiungo kilichopungua, msimwambie kwamba amekwisha. Kaeni naye, andikeni kila kazi aliyoifanya maishani mwake, na kila aiwezayo sasa. Karatasi hiyo itamfaa mbele ya hakimu, na itamfaa zaidi siku ile atakapokwenda kubisha hodi kwenye mlango wa kazi mpya.

Nami nakomea hapa. Kwa herini.