Dawa Iendelee, Mifupa Itunzwe

Mada iliyowasilishwa kwa wananchi kuhusu huduma za tiba na matunzo



Huduma ya bure ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ilipoanza nchini mwaka 2004, swali lililokuwa vinywani mwa wengi lilikuwa moja: je, mgonjwa ataishi? Waliokuwa na umri wa miaka 30 wakati ule sasa wamevuka 50. Wameishi, wamelea, na wamefikia umri ambao mifupa ya kila mwanadamu hupungua uimara. Kwa anayeishi na VVU, upungufu huo huwa mkubwa zaidi, na hatari ya kuvunjika huongezeka.

Sababu ni kadhaa. Virusi huuweka mfumo wa kinga katika mapambano yasiyokoma, nayo hudhoofisha mifupa. Katika mwaka mmoja hadi miwili ya mwanzo wa tiba, uzito wa madini ya mifupa hushuka kwa asilimia 2 hadi 6, kisha hutulia. Tenofovir, iliyomo katika kidonge kinachomezwa na wengi kila siku, huchangia. Wembamba uliopita kiasi, tumbaku, pombe, matumizi ya muda mrefu ya prednisoloni na kukoma kwa hedhi huzidisha hatari.

Asiwepo atakayesikia hayo akaacha dawa. Virusi visivyodhibitiwa huua. Mifupa iliyodhoofika ina njia za kulindwa. Kubadili dawa, inapobidi, ni uamuzi wa mtoa huduma kliniki baada ya kumpima mgonjwa.

Ulinzi huanzia nyumbani. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa na mtindi huupa mwili kalsiamu; mwanga wa jua huusaidia kutengeneza vitamini D. Kutembea, kulima na kazi nyingine za kusimama huimarisha mifupa na misuli. Sakafu yenye utelezi ikaushwe, na njia ya kwenda chooni iwe na mwanga usiku, kwani mivunjiko mingi ya wazee hutokana na kuanguka.

Anayetumia dolutegravir asimeze vidonge vya kalsiamu au madini ya chuma pamoja nayo tumbo likiwa tupu, maana hupunguza nguvu ya dawa. Avimeze vyote pamoja na chakula, ama ameze dolutegravir saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake.

Siku ya kliniki, mambo matatu yasifichwe: kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, maumivu ya ghafla ya mgongo, na kupungua kimo. Wengi huyaita uzee na kunyamaza. Mtoa huduma akiyajua mapema, anaweza kumpa mgonjwa rufaa kabla nyonga haijavunjika. Nyonga ikivunjika, mlezi wa familia hugeuka kuwa wa kulelewa.